Doha: Mtoto anaponyamaza darasani

Siku ya Jumapili, wakati wenzao wa Dar es Salaam, Mombasa na Kampala wako mapumzikoni, watoto wa Afrika Mashariki wanaoishi Doha, mji mkuu wa Qatar, huamka alfajiri kwenda shule. Juma la masomo nchini humo huanza Jumapili na kumalizika Alhamisi. Kwa mtoto wa miaka mitano au sita aliyewasili karibuni, huo ni mwanzo tu wa mabadiliko.

Shule za serikali hufundisha hasa kwa Kiarabu, na wageni wengi huwapeleka watoto wao katika shule za binafsi zinazofuata mitaala ya nchi kama Uingereza na India. Huko Kiingereza ndicho hutawala, na Kiarabu pia ni somo la lazima. Hivyo mtoto aliyesoma chekechea kwa Kiswahili hukabiliwa na lugha mbili kwa wakati mmoja.

Hata saa humchanganya. Nyumbani amefundishwa kuwa ni saa moja asubuhi. Mwalimu huionyesha saa ileile na kuiita saa saba.

Ukimya

Mtoto wa namna hii mara nyingi hunyamaza. Huweza kukaa wiki kadhaa, pengine miezi, bila kutamka neno darasani, ilhali nyumbani ni msemaji hodari. Wataalamu wa lugha hukiita kipindi cha ukimya: mtoto husikiliza na kukusanya maneno kabla ya kuthubutu kuyatumia. Hatari ni kwamba wakubwa humdhania mzito wa kuelewa.

Hatari ya pili huja baadaye. Utafiti wa Jim Cummins, wa Chuo Kikuu cha Toronto nchini Kanada, kuhusu watoto wa wahamiaji, ulionyesha kuwa mtoto humudu lugha ya mazungumzo kwa takriban miaka miwili, lakini huhitaji miaka mitano hadi saba kuwafikia wenzake katika lugha ya masomo. Anayecheza uwanjani kwa Kiingereza fasaha anaweza bado kushindwa kuelewa swali la hisabati, na hapo huitwa mvivu.

Lugha ya nyumbani

Baadhi ya wazazi, kwa nia njema, huacha kuzungumza Kiswahili nyumbani ili kumharakisha mtoto. Cummins alieleza kinyume chake: maarifa yaliyojengwa katika lugha ya kwanza huisaidia ya pili. Mtoto anayejua kuhesabu, kusimulia na kuuliza sababu kwa Kiswahili haanzi upya. Hujifunza namna nyingine ya kuyasema anayoyajua. Katika Kiarabu hata hupata urithi: kitabu, kalamu, daftari, sita, saba na tisa ni maneno atakayoyatambua.

Kuna sababu nyingine. Ukaazi wa wageni wengi Qatar hutegemea ajira ya mzazi. Mkataba ukimalizika, familia hurejea nyumbani, na nchini Tanzania mtoto huyo huenda akaingia shule ya msingi ya serikali inayofundisha kwa Kiswahili. Aliyekipoteza atakuwa mgeni kwa mara ya pili, safari hii mbele ya bibi yake.

Mzazi anaweza kumweleza mwalimu mapema lugha anayoizungumza mtoto, kumsomea hadithi za Kiswahili kila jioni, na kumwacha anyamaze shuleni bila kumkaripia, hadi neno la kwanza litoke lenyewe.