KIDONDA KISICHOPONA
(Maelezo juu ya ugonjwa wa mfupa unaokaa miaka)



Wengi wetu tunamkumbuka mwenzetu mmoja aliyekuwa anakaa benchi la mbele tulipokuwa mwaka wa nne. Alivaa suruali ndefu hata siku ya mazoezi ya mwili. Chini ya goti lake, pale mbele kwenye mfupa wa muundi, kulikuwa tundu dogo lenye kutoa usaha. Lilikuwa linajifunga miezi miwili au mitatu, kisha homa inakuja, na tundu linafunguka tena. Sisi wenyewe, tuseme kweli, tulihama lile benchi. Wamoja walisema: «Mguu wake unanuka.» Wengine walisema: «Walimuloga, njo maana haiponi.» Mwisho wa trimestri ya pili hakurudi tena.

Mwaka huu amerudi. Alipasuliwa, akakaa nyumbani muda mrefu, na sasa yuko darasa moja nyuma yetu. Tulipokwenda kumsalimia alituambia neno moja tu: «Hamukuniuliza hata siku moja ni ugonjwa gani.»

Neno lile lilituuma. Basi tulimwuliza yeye, tukamwuliza mwuguzi wa dispanseri, tukamwuliza na mwalimu wetu wa biolojia. Tunawaandikia hapa yale tuliyojifunza.

1. Jina lake

Ugonjwa huu unaitwa osteomieliti. Jina hilo lilitolewa mwaka 1844 na Nélaton, munganga mpasuaji wa Ufaransa. Mwaka 1880 Louis Pasteur alitazama kwa mikroskopi usaha uliotoka ndani ya mfupa wa mgonjwa. Aliona mule mikrobi zilezile alizoziona katika usaha wa jipu. Akasema kwamba ugonjwa huu ni jipu la ndani ya mfupa. Ukishika maneno hayo, mengine yote utayaelewa kwa urahisi.

2. Mfupa ni kitu chenye uzima

Watu wengi wanafikiri mfupa uko kama jiwe, juu wanaona tu mifupa ya nyama katika sahani. Ile imekufa. Mfupa wetu unaishi: ndani kuna uboho, kuna mishipa ya damu inayoingia na kutoka, na juu kuna ngozi nyembamba inayoufunika na kuulisha. Ndiyo maana mfupa uliovunjika unaweza kuunga. Na ndiyo maana pia unaweza kuugua.

3. Namna ugonjwa unavyoingia

Mikrobi inayoleta ugonjwa huu mara nyingi inaitwa stafilokoki. Haiko mbali: inakaa juu ya ngozi na ndani ya pua ya watu wengi wazima. Inapita katika jipu, katika upele uliokunwa au katika kidonda kidogo cha mguu, inaingia katika damu na kusafiri.

Kwa mtoto anayekua, mifupa mirefu inaongezeka karibu na ncha zake. Pale mishipa ya damu ni midogo sana na damu inakwenda polepole. Mikrobi inapata nafasi ya kubaki. Kwa sababu hiyo ugonjwa unashika sana watoto na vijana, na sana sana karibu na goti: mwisho wa paja ama mwanzo wa muundi.

Kuko njia ingine: mfupa uliovunjika na kutoboa ngozi, kama tunavyoona katika ajali za moto (pikipiki). Hapo uchafu wa barabara unaingia moja kwa moja.

Tena kuko wandugu wenye drepanositozi, ugonjwa wa damu ambao mtoto anazaliwa nao. Hao mifupa yao inashikwa kwa urahisi zaidi, na kwao mara nyingi ni mikrobi ingine, salmonela. Kwa kuwa wamezoea maumivu ya mifupa, watu wanasema «ni ile kawaida yake», kumbe safari hii ni usaha.

4. Juu ya nini kidonda hakiponi

Hapa ndipo penye siri yote. Jipu la ngozi likijaa, ngozi inavimba na kupasuka. Mfupa hauwezi kuvimba. Usaha unabanwa ndani, unakandamiza mishipa, na damu haipiti tena. Kipande cha mfupa kinakosa chakula, kinakufa, kinabaki mule ndani kama mwiba. Ngozi ya mfupa inajaribu kuokoa mguu: inajenga mfupa mpya kuzunguka kile kipande, kama ganda. Lakini ganda linabaki na matundu, na usaha unatafuta njia mpaka nje.

Sasa mujiulize: kidonge unachomeza kinafika mguuni kwa njia gani? Kwa damu. Na katika kipande kilichokufa damu haifiki. Basi mikrobi zinakaa mule kama mwizi ndani ya nyumba iliyofungwa. Unameza dawa, usaha unapungua, unafurahi. Unaacha dawa, zinatoka tena. Si mulozi anayerudi usiku. Ni kile kipande ambacho hakijatolewa.

Mwenzetu alipitishwa kwa mfumu mara tatu. Alichanjwa, akapakwa majivu, na mbuzi wawili wa baba yake walikwenda. Mfupa uliokufa ulibaki palepale.

5. Siku za kwanza ni za thamani

Ugonjwa huu ukishikwa mapema unaweza kupona kabisa bila kufika huko. Basi sikieni vizuri, na muwaambie wazazi na wadogo wenu. Mtoto mwenye homa kali, anayelia juu ya maumivu mahali pamoja pa mfupa, asiyetaka kuguswa pale wala kukanyaga chini: mpelekeni hospitali siku ileile. Hapana kungoja Jumatatu. Hapana kumkanda kwa nguvu wala kumchanja. Mara mingi wazazi wanasema: «Alianguka tu katika mpira.» Inawezekana alianguka kweli, lakini pigo peke yake halileti homa kali.

Tena mujue jambo hili: radio ya siku za kwanza inaweza kuonyesha mfupa mzuri. Alama zinachelewa, mara nyingi siku kumi au zaidi. Kama radio ni nzuri lakini mtoto bado ana homa na maumivu, murudi.

Dawa za kuua mikrobi zinachukua majuma mengi, wala si siku tano. Mwaka 1928 Fleming aliona ukungu ukiua stafilokoki katika sahani yake, na kwa njia hiyo penisilini ilijulikana. Lakini leo stafilokoki nyingi zimeizoea penisilini. Kwa hiyo dawa ya kuokoteza sokoni, vidonge viwili leo na viwili kesho, inazifundisha mikrobi vita tu. Munganga ndiye anayechagua dawa na siku zake.

6. Kama ugonjwa umekwisha kukaa

Hapo dawa peke yake kwa kawaida haitoshi. Munganga mpasuaji anapaswa kufungua na kutoa kipande kilichokufa. Lakini hafanyi haraka, na jambo hili linaudhi familia. Mwenzetu alirudishwa nyumbani miezi kadhaa, baba yake akafikiri wanataka feza tu. Sababu ni hii: ule mfupa mpya lazima ukomae kwanza. Ukitoa nguzo ya zamani wakati nguzo mpya bado mbichi, nyumba inaanguka, yaani mguu unavunjika. Kungoja kule ni sehemu ya matunzo.

Wengine wanapasuliwa mara moja, wengine mara mbili au zaidi. Na hata baada ya kupona, ugonjwa unaweza kulala miaka na kuamka. Kwa hiyo mgonjwa ajifunze kuishi nao kwa akili:

a) Anawe mikono kwa sabuni mbele ya kugusa kidonda na nyuma yake.
b) Asafishe kwa maji yaliyochemka na kupoa, afunike kwa kitambaa kilichochemshwa na kukauka vizuri. Kitambaa cha zamani kichomwe ama kitupwe chooni.
c) Asiweke majivu, mavi ya ngombe, wala unga wa kapsuli katika tundu.
d) Awe na chanjo ya pepopunda.
e) Ale vizuri kadiri ya uwezo wa nyumba: maharagi, ndakala, sombe, yai likipatikana. Mwili unaojenga mfupa unahitaji matofali.
f) Atembee namna munganga alivyoruhusu. Asicheze mpira wakati mfupa bado zaifu, lakini asikae kitandani tu, maana goti litakauka.
g) Homa ikirudi, pakivimba, pakiwa moto, ama maumivu ya usiku yakianza: arudi hospitali, asingoje usaha. Na tundu lililokaa miaka mingi likianza kuota nyama ama kutoa damu, lionyeshwe upesi, kwani mara chache linaweza kugeuka kansa.

7. Na sisi, kazi yetu ni gani?

Kwanza, ugonjwa huu hauambukizi kwa kukaa benchi moja, wala kwa kula pamoja, wala kwa kusalimiana. Kitu cha kuogopa ni usaha wenyewe, na ule unafunikwa na mikono inanawiwa. Basi.

Pili, harufu haitoki kwa uvivu wa mtu. Mwenzetu alituambia kwamba alikuwa anaamka saa kumi ya usiku ili afunge mguu kabla internati haijaamka, akitumia kipande cha shuka yake. Kama mmoja wetu angemchotea maji tu, angeweza kulala saa moja zaidi.

Tatu, masomo. Mgonjwa wa mfupa anakosa majuma mengi. Tugawane kazi: huyu anamnakilia somo la hesabu, yule la Kifaransa. Siku ya salongo asipewe jembe, lakini asifukuzwe pia. Anaweza kuandika majina ama kutunza vyombo. Tunaomba walimu wetu wapenzi nao wasihesabu siku zake za hospitali kama utoro.

Nne, tuache kuuliza ni nani aliyemtendea ama ni zambi gani. Wanafunzi wa Yesu waliuliza vile juu ya kipofu, katika Yohana sura ya 9, na hawakusifiwa kwa swali lile.

Hatukuandika haya ili tujisifu kwamba sasa tunajua. Tumeyajua kwa kuchelewa, na mwenzetu amepoteza mwaka mzima. Mguu wa kuume wake ni mfupi kidogo, anatembea kwa kuinama upande, lakini anatembea. Mwaka kesho tutafanya egzame ya Serikali, naye ataifanya mwaka utakaofuata. Juma lililopita tulimkuta peke yake tena katika benchi la mbele, katika darasa ambalo halijui habari yake. Wadogo zetu wa darasa lile, maneno haya ni yenu. Mukae naye, na mumwulize.



Sisi wanafunzi wa mwaka wa tano, Biolojia na Kemia