Komoro: Soko la jirani linaloogopwa kuliko linavyojulikana

WAFANYABIASHARA wengi wa Dar es Salaam, Tanga na Mtwara wakitajiwa Komoro hukumbuka mambo mawili: mapinduzi ya kijeshi na volkano. Wapo wanaoamini kuwa ukipeleka mzigo huko huwezi kurudi na fedha yako. Wakati huo huo, wenzao wachache wanaoijua njia huvusha ng'ombe, mbuzi, vitunguu na viazi, na hawapigi kelele.

Nchi hiyo si ya mbali. Moroni, mji mkuu, uko kama kilometa 700 kutoka Dar es Salaam, na kutoka Mtwara ni chini ya kilometa 400. Ni visiwa vitatu: Ngazija ambacho ndicho kikubwa, Nzuani na Mwali. Eneo lote halifiki kilometa za mraba 1,900, na sensa ya mwaka 2017 ilihesabu watu wapatao 758,000. Kisiwa cha nne, Maore (Mayotte), kilibaki chini ya Ufaransa wenzake walipojitawala Julai 6, 1975. Viza ya Komoro haikuingizi Maore, na anayeshawishiwa kuvuka kwa mashua za magendo ajue kuwa watu wengi wamekufa maji katika mkondo huo.

Hofu ilikotoka

Sifa mbaya ya Komoro haikutoka hewani. Tangu uhuru yamehesabiwa mapinduzi na majaribio ya mapinduzi yapatayo 20, na mamluki wa Kifaransa Bob Denard alihusika katika kadhaa, la mwisho likiwa la mwaka 1995. Mwaka 1997 Nzuani ilitangaza kujitenga. Makubaliano ya Fomboni ya mwaka 2001 yalirudisha visiwa vitatu katika muungano mmoja, na Machi 2008 askari wa Umoja wa Afrika, wakiwamo wa Tanzania, waliingia Nzuani kumng'oa Kanali Mohamed Bacar aliyekuwa amegoma kuondoka madarakani.

Siasa za visiwa hivyo bado zina joto, hasa wakati wa uchaguzi. Lakini kinachomtia hasara mfanyabiashara wa kawaida mara nyingi si bunduki. Ni bandari, karatasi, magonjwa ya mifugo na mikopo isiyoandikwa.

Wanachokula na wakati wanapokinunua

Komoro huagiza sehemu kubwa ya chakula chake. Ardhi ni ya volkano, ina miinuko mikali na watu wamebanana. Ngazija haina mto hata mmoja unaotiririka mwaka mzima, kwa sababu maji ya mvua huzama moja kwa moja katika mawe. Vijiji vingi hutegemea matangi ya kuvunia mvua.

Fedha ya kununulia chakula hicho kwa kiasi kikubwa hutoka kwa Wakomoro walioko Ufaransa, hasa Marseille. Wengi wao hurudi nyumbani Julai na Agosti, na huo ndio msimu wa harusi kubwa, inayoitwa anda. Kwa desturi ya Ngazija, mwanamume hahesabiwi mtu mzima kamili katika mji wake mpaka aitimize anda. Huchinjwa ng'ombe, hupikwa wali wa mji mzima na hutolewa dhahabu. Msimu mwingine wa mahitaji makubwa ni Ramadhani na Idi.

Mfugaji au mchuuzi anayetaka bei nzuri hana budi kupanga mzigo wake kwa kalenda hiyo. Tatizo ni kwamba Julai na Agosti ndiyo miezi ambayo kusi huvuma kwa nguvu, na jahazi linaweza kuchelewa. Kati ya Novemba na Aprili nako kuna hatari ya vimbunga: Kenneth, kilichopita karibu na Ngazija Aprili 2019, kiliharibu mashamba na nyumba nyingi.

Mchele ni habari nyingine. Kwa miaka mingi uagizaji wa mchele wa kawaida ulikuwa mikononi mwa shirika la umma liitwalo ONICOR. Mwenye mchele wa Mbeya au Kyela asipakie gunia hata moja kabla ya kuuliza nani anaruhusiwa kuuingiza, na wa aina gani.

Ng'ombe aliyepeleka maradhi

Wafugaji wa Tanzania wana sababu ya pekee ya kuwa waangalifu. Mwaka 2003 na 2004 ng'ombe wa Ngazija walikufa kwa ndigana kali, ugonjwa unaoenezwa na kupe. Watafiti walielekeza kidole kwa ng'ombe waliotoka Tanzania, na wakauliza kama waliochanjwa hawakuwa chanzo. Chanjo ya ndigana humwambukiza ng'ombe na kumtibu kwa wakati mmoja. Baada ya hapo hupona, lakini huweza kubaki na vimelea mwilini, na kupe wakiwapo humpelekea mwingine.

Kisha mwaka 2007, baada ya mlipuko wa homa ya Bonde la Ufa Kenya na Tanzania, ugonjwa huo ulionekana Komoro, na mifugo iliyoingizwa kutoka bara ndiyo iliyoshukiwa.

Kwa hiyo ofisa wa mifugo wa Moroni anapodai cheti cha afya, kipimo na siku za karantini, si lazima awe anatafuta rushwa. Anakumbuka. Anayepitisha mifugo kwa njia za panya anahatarisha soko la wafugaji wote, kwani mlipuko mmoja unatosha kufunga bandari.

Bandari na fedha

Bandari ya Moroni ina kina kifupi. Meli kubwa hutia nanga nje na mzigo hushushwa kwa matishari. Mutsamudu, huko Nzuani, ina kina kirefu zaidi. Kwa mwenye vitunguu au viazi, kila siku ya kungoja ni magunia yanayooza. Gharama ya kungoja iingizwe katika hesabu kabla ya kuondoka, isingojwe kugundulika gatini.

Fedha ya Komoro ni faranga, iliyofungwa kwa yuro: yuro 1 ni faranga 491.97, hivyo yuro 100 ni kama faranga 49,197. Faranga hizo huwezi kuzibadili kwa urahisi ukirudi Kariakoo. Mwuzaji apatane kwa yuro, au anunue mali ya kurudi nayo.

Mali hiyo ipo: vanila, karafuu, na mafuta ya mlangilangi yanayotumika kutengeneza manukato. Lakini bei zake hupanda na kushuka vibaya. Waliolima vanila Kagera wanakumbuka jinsi bei ilivyopaa mwaka 2003 na kuporomoka muda mfupi baadaye. Si biashara ya kuingia kwa fedha ya mkopo.

Karatasi na lugha

Shughuli za serikali huendeshwa kwa Kifaransa, na sheria za biashara ni za mfumo wa OHADA, unaotumiwa na nchi nyingi zilizotawaliwa na Ufaransa. Ankara na mkataba viwe na nakala ya Kifaransa. Komoro ilikubaliwa SADC mwaka 2017 na kuingia Shirika la Biashara Duniani Agosti 2024, lakini uanachama peke yake si msamaha wa ushuru. Ubalozi wa Komoro Dar es Salaam na ule wa Tanzania Moroni ndipo pa kuanzia.

Sokoni, kama pale Volovolo mjini Moroni, Kiswahili kitakusaidia, kwani Kikomoro ni ndugu yake na familia nyingi zina jamaa Zanzibar. Hata hivyo udugu huo hudanganya. Ukiambiwa "marahaba" hujaamkiwa wala hujaitikiwa, umeshukuriwa. Kusikia neno ulijualo si sawa na kuelewa masharti ya bei.

Udugu huo huo ndio unaowaponza wengi katika mali kauli. Mwenyeji ni Mwislamu mwenzako, ana shangazi yake Unguja, anakukaribisha chakula, na kudai maandishi kunaonekana kama utovu wa adabu. Sivyo. Wenye maduka wa Moroni wenyewe huandika. Anayeanza apeleke mzigo mdogo, asafiri nao, alipwe, ndipo aongeze. Wahenga walikwisha sema: mali bila daftari huisha bila habari.