Rundo la Matawi Makavu ni Kitalu cha Adui



Mkaguzi afikapo katika chama cha msingi huanza na daftari la mikopo. Lakini dhamana halisi ya mkopo wa mkulima wa zabibu imo shambani, ndani ya shina la mzabibu.

Hapa Dodoma mzabibu huweza kuvunwa mara mbili kwa mwaka, nao hupogolewa kila msimu. Matawi yaliyokatwa hulundikwa ukingoni mwa shamba yangoje kuwa kuni. Hapo ndipo hasara inapoanzia. Mbawakawa mweusi atoboaye miti, ambaye ni wa ukoo mmoja na dumuzi wa mahindi, hutaga mayai katika miti iliyokufa, na mabuu yake hukulia humo. Akishapevuka huruka hadi mzabibu ulio hai, akatoboa na kula ndani ya tawi, likanyauka au kuvunjika pamoja na vichala vyake.

Dalili yake ni tundu la duara na unga wa mbao chini yake. Mkulima aingize waya mwembamba tunduni amwue mdudu, au akate tawi chini ya tundu hilo. Dawa ya kunyunyiza juu ya majani haimfikii aliye ndani ya mti.

Matawi yaliyopogolewa yaondolewe mapema: yafaayo kuni yatumike kwanza, yaliyobaki yachomwe. Inafaa kila chama kipitishe azimio la siku moja ya kazi hiyo kwa wote, kwani mbawakawa hajui mpaka wa shamba. Mwanachama aachaye rundo lake humlipisha jirani deni asilolikopa.