Fahari ya Wasomi Wetu Ifike Hadi Pwani

Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete. Katika miaka ya karibuni pete nyingi zimevikwa vidole vya walimu na watumishi wa vyuo waliozaliwa katika visiwa hivi, au waliozitumikia bahari na pwani zetu kwa elimu yao. Ni haki yao kupongezwa. Lakini pongezi zikiishia katika ukumbi wa mahafali zitakuwa zimekwenda nusu ya safari. Sisi tunaona kwamba mafanikio ya msomi hukamilika pale yanapomfikia mwananchi, kwa lugha anayoielewa na katika kazi inayomlisha.

Tutazame kwanza mfano uliovuma duniani kote. Tarehe 7 Oktoba 2021 ilitangazwa kwamba Tuzo ya Nobel ya Fasihi imekwenda kwa Profesa Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja wa mwaka 1948, aliyefundisha fasihi kwa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Kent, Uingereza. Visiwa vilifurahi, na vilikuwa na sababu ya kufurahi. Hata hivyo riwaya za Profesa Gurnah zimeandikwa kwa Kiingereza, na wengi waliomshangilia hawakuwa wamepata kusoma hata ukurasa mmoja wa kazi zake. Kwa bahati njema, mwalimu mwingine wa chuo alikwisha kuliona pengo hilo. Dakta Ida Hadjivayanis, anayefundisha Kiswahili katika chuo cha SOAS cha London, aliitafsiri riwaya ya Paradise, na mwaka 2022 ikachapishwa Dar es Salaam na Mkuki na Nyota kwa jina la Peponi. Riwaya hiyo ilitoka kwa Kiingereza mwaka 1994. Ilichukua basi miaka 28 kuwafikia kwa Kiswahili watu ambao pwani yao ndiyo inayosimuliwa. Kazi ya mfasiri haipigiwi ngoma, lakini bila yake tuzo ile ingebaki kuwa habari ya kusikia tu.

Mfano wa pili uko karibu zaidi, nao unagusa chungu cha jikoni. Tangu miaka ya 1970 Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alifanya utafiti juu ya mwani wa bahari zetu na kueleza faida iliyomo ndani yake. Mwaka 1989 kilimo cha mwani kwa ajili ya biashara kilianza Paje na Jambiani kwa mbegu iliyoletwa kutoka Ufilipino. Tangu hapo kimeenea Unguja na Pemba, na leo wakulima wake wanahesabiwa kwa maelfu, walio wengi wakiwa wanawake. Kwa mapato ya mwani mama wengi wamelipa ada za watoto, wameezeka nyumba na wamekuwa na sauti katika familia zao.

Lakini bahari imebadilika. Maji ya kina kifupi yamezidi joto, na aina ya mwani iitwayo kotonii, yenye bei nzuri zaidi sokoni, imekuwa ikifa mashambani. Wakulima wengi wamelazimika kubaki na spinosamu, inayostahimili zaidi lakini yenye bei ndogo. Hapo ndipo kazi ya Dakta Flower Msuya inapostahili sifa. Akiwa mtafiti wa Taasisi ya Sayansi za Bahari, iliyoanzishwa Unguja mwaka 1978 chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alishirikiana na wakulima kujaribu kilimo cha maji ya kina kirefu kwa kutumia nyavu zilizoshonwa kama mabomba marefu, ambazo mwani hutiwa ndani yake usikatike na kuchukuliwa na mawimbi. Aidha, aliwahimiza wanawake kusaga mwani na kutengeneza sabuni na bidhaa nyingine, badala ya kuuza mwani mkavu peke yake.

Utafiti huo haukufanywa na mtu mmoja. Nyuma ya kila jina linalotajwa yuko nahodha wa boti ya taasisi, yuko fundi wa maabara anayepima joto na chumvi ya maji, yuko mkutubi anayehifadhi kumbukumbu. Hao nao ni watumishi wa chuo, na sifa inapogawiwa wasisahauliwe.

Hata hivyo kilimo cha kina kirefu kinahitaji chombo, nyavu, na mtu ajuaye kuogelea, nao akina mama wengi waliozoea kwenda shambani kwa miguu maji yakipwa hawakufundishwa kuogelea. Serikali imegawa boti kwa wavuvi na wakulima wa mwani, na hiyo ni hatua njema. Lakini boti bila mafunzo huishia kufungwa ufukweni, na utafiti bila boti huishia kabatini. Vitu hivi viwili havina budi kwenda pamoja.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, kila chuo, kikiwemo Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, kitoe kila mwaka taarifa fupi ya Kiswahili juu ya kazi za walimu na watumishi wake, isomwe redioni na ifikishwe kwa masheha. Pili, mwalimu anapopimwa kwa ajili ya kupandishwa cheo, ihesabiwe pia kazi aliyoifikisha kwa wananchi, si makala za majarida ya ng'ambo peke yake. Tatu, wizara zinazosimamia uvuvi, kilimo na elimu ziwaite watafiti mezani kabla mipango haijapitishwa, si baada ya mambo kuharibika.

Mcheza kwao hutunzwa. Wasomi wetu wamecheza vizuri, tena mbele ya ulimwengu. Tuwatunze kwa vyeti na makofi, na zaidi ya hayo tuwatunze kwa kuyatumia waliyoyagundua. Siku mkulima wa Jambiani atakapovuna tena kotonii iliyo nzima, hiyo ndiyo itakuwa heshima kubwa kupita zote kwa mtafiti na kwa chuo chake.