Data kubwa: Si lazima kuanza kwa kununua mitambo mipya

SINGIDA: Alizeti inapoanza kuvunwa, mfanyabiashara wa mkoa huu hukabiliwa na swali lile lile: auze sasa au aweke ghalani? Bei haitegemei mavuno ya Iramba na Ikungi peke yake. Mafuta ya mawese ya Malaysia na Indonesia yanayoshushwa bandarini Dar es Salaam nayo huipandisha au kuishusha. Anayepima mambo hayo mapema hulinda mtaji wake. Anayefuata uvumi wa sokoni huuza kwa kubahatisha.

Taarifa za kupimia zipo. Chini ya Sheria ya Stakabadhi za Ghala ya mwaka 2005, mzigo unaopokelewa katika ghala lenye leseni huandikiwa stakabadhi. Benki na kampuni za simu nazo zina kumbukumbu za malipo. M-Pesa pekee iko nchini tangu mwaka 2008. Kumbukumbu zikifika mamilioni mengi, kompyuta moja ya ofisini huelemewa. Hiyo ndiyo inayoitwa data kubwa.

Kazi inavyofanyika

Programu iliyopata jina katika kazi hiyo ni Hadoop, iliyoanza mwaka 2006. Ukitaka kuhesabu magunia katika maghala 20, huyabebi yote hadi uwanja mmoja. Unapeleka karani kila ghala, kisha unajumlisha hesabu zao. Hadoop nayo hugawa data katika kompyuta nyingi, kila moja ikahesabu fungu lake. Kwa kawaida kila fungu huwekwa nakala tatu, ili kompyuta moja ikiharibika kazi isisimame.

Kikwazo kilikuwa gharama, kwani kazi hiyo ilizoeleka kutengewa safu ya kompyuta zake yenyewe. Mwezi Juni 2012 kampuni ya VMware ya Marekani ilitoa programu ya bure na kuipa jina la Serengeti. Programu hiyo iliweka Hadoop kwa haraka kwenye mitambo ambayo kampuni tayari inayo, iliyogawanywa kuwa kompyuta pepe. Kompyuta pepe ni mfano wa ghala moja lililojengwa kuta ndani ili wapangaji kadhaa walitumie. Hata hivyo, Serengeti ilikuwa ya bure, lakini programu ya VMware iliyobeba kompyuta pepe hizo ililipiwa.

Mambo ya kuangalia

Kwanza, nakala zote tatu zinaweza kuangukia kompyuta pepe zilizo ndani ya mtambo mmoja. Mtambo huo ukiungua, zote zimekwenda. Ndiyo maana VMware ilichangia nyongeza inayoijulisha Hadoop ni kompyuta pepe zipi ziko pamoja.

Pili, wapangaji hugombea mlango. Hesabu kubwa ikianza saa za kazi kwenye diski zinazotumiwa na wengine, malipo ya wateja yanaweza kuchelewa.

Tatu, wepesi wa kuweka programu si usahihi wa jibu. Mizani ikipunja ghalani, hesabu nayo itapunja.

Ushauri kwa msomaji

Kampuni ambayo una hisa zake ikitangaza kutumia mabilioni kwa mitambo ya data, uliza katika mkutano mkuu: mitambo iliyopo inatumika kwa kiasi gani? Ikiwa nusu yake inakaa bure, fedha hizo zingeweza kuwa gawio lako.

Kwa mfanyabiashara mdogo wa Singida, hatua ya kwanza haihitaji mtambo wowote. Andika kila ununuzi: tarehe, kijiji, uzito na bei. Kumbukumbu safi za misimu mitatu zinaenea katika kompyuta moja ya kawaida, na zitakuonyesha ni mwezi gani kukaa na mzigo kulikulipa. Ushirika unaotaka kuunganisha hesabu za maelfu ya wanachama ndio wenye sababu ya kwenda mbele zaidi, nao uanze kwa kukodi nafasi katika mitambo iliyopo kabla ya kukopa benki kununua mipya.