Walilipua pango la miaka 46,000, na kibali walikuwa nacho!

HEBU nikuulize swali la kijiweni, msomaji wangu. Nyumba ya babu yako kule kijijini ina thamani gani? Usinitajie bei ya kiwanja, maana hiyo hata dalali anaijua. Nazungumzia ule ukuta aliouegemea akisimulia, na ule mti kilipozikwa kitovu cha baba yako. Sasa vuta picha, nyumba yenyewe ina umri wa miaka 46,000, halafu asubuhi moja wanakuja jamaa na baruti, kibali chenye muhuri kiko mkononi, wanalipua.

Si stori ya kutunga hii. Ilitokea Mei 24, 2020, mahali panapoitwa Juukan Gorge, jimbo la Western Australia. Sehemu ile, Pilbara, ina madini ya chuma ya kufa mtu. Kampuni ya Rio Tinto ilikuwa ikipanua mgodi wake, na mapango mawili ya Waaborijini wa Puutu Kunti Kurrama na Pinikura yakawa yako njiani. Yakaenda na maji.

Kinachouma zaidi ni hiki. Mwaka 2014 wataalamu walichimba mle pangoni na kukuta maelfu ya vifaa vya kale. Kimojawapo ni kipande cha mkanda wa nywele za binadamu zilizosukwa, wenye umri wa miaka kama 4,000. Vinasaba vilipopimwa vikaonyesha kwamba wenye nywele zile ni wahenga wa watu walewale wanaoishi hapo leo. Yaani mwenye nyumba yupo, mjukuu wa mjukuu, anapumua, na ushahidi wa ukoo anao!

Utauliza, sasa ilikuwaje? Sheria, ndugu yangu. Kibali kilitolewa mwaka 2013, kwa sheria ya mwaka 1972. Mwaka mmoja baadaye ndipo mambo mazito yakagunduliwa, lakini sheria ile haikuwa na mlango wa kurudi nyuma na kusema, "Jamani ngojeni kwanza." Wenyewe walipata habari siku chache tu kabla, walipoomba ruhusa ya kwenda kutembelea mapango yao. Baruti ilikuwa imeshatiwa kwenye mashimo.

Kasheshe likaanza. Septemba 2020 mkurugenzi mkuu, Jean-Sébastien Jacques, na wakubwa wenzake wawili wakatangaza kuachia ngazi. Bunge la Australia nalo likafanya uchunguzi. Jimbo likatunga sheria mpya, ikaanza kazi Julai 1, 2023, wakulima na wenye ardhi wakapiga kelele kwamba inawabana, na kabla mwaka haujaisha ikafutwa. Ikarudishwa ile ya 1972 ikiwa na viraka. Kiraka kimoja kina maana: mwenye kibali akipata taarifa mpya kuhusu mahali hapo, lazima amweleze waziri. Kimeshonwa wakati nguo imeshachanika, lakini kipo.

WENYEWE MBELE, WATAALAMU NYUMA

Sitaki ufunge gazeti ukiwa na kilio tu. Australia hiyohiyo ina mifano ya watu waliokaa meza moja, na mambo yakaenda poa.

Chukua Budj Bim, jimbo la Victoria. Wagunditjmara walichonga mifereji na mitego kwenye mawe ya volkano ili wafuge mikunga, wale samaki warefu kama nyoka. Mfumo huo una miaka 6,600, mkubwa kuliko mapiramidi ya Misri! Wazee na vijana wa kabila hilo ndio waliopigania jambo hilo miaka na miaka, wataalamu wakisaidia kupima na kuchora ramani. Julai 2019 UNESCO ikapaingiza kwenye Urithi wa Dunia, mahali pa kwanza Australia kuingia kwa sababu ya utamaduni wa Waaborijini peke yake. Leo vijana wao ndio askari wa hifadhi, na ndio wanaowatembeza wageni.

Au nenda Kimberley, kaskazini magharibi. Mwaka 2021 wanasayansi, wakishirikiana na Wabalanggarra wenye ardhi yao, walitangaza umri wa mchoro wa kangaruu wa mita mbili. Waliupimaje? Nyigu! Nyigu hujenga viota vya udongo ukutani, na udongo ule hubeba vipande vya mkaa. Ukipima kiota kilicho chini ya rangi na kilicho juu yake, umri wa mchoro umeubana katikati. Jibu: miaka kati ya 17,100 na 17,500.

Lakini uliopendeza moyo wangu ni mradi wa Waanangu wa katikati ya Australia, unaoitwa Ara Irititja, ulioanza mwaka 1994. Picha, filamu na sauti zao zilikuwa zimetapakaa kwenye makumbusho na majumba ya watu. Wakazitafuta, nakala zikarudishwa nyumbani zikiwa kwenye kompyuta. Na humo kuna adabu: mambo ya kiume wanaona wanaume, ya kike wanawake, na picha ya marehemu inaweza kufichwa hadi msiba upoe.

KASETI ILIKWENDA WAPI?

Hapo ndipo nilipomkumbuka bibi yangu mzaa mama. Nikiwa shule ya msingi walimjia wageni na redio kaseti, akawaimbia nyimbo za unyago usiku kucha. Wakashukuru, wakapanda gari, kaseti haikurudi. Bibi alifariki, na mama anakumbuka vipande tu. Wimbo wa bibi yangu uko kwenye kabati la mtu nisiyemjua. Hakuna aliyelipua kitu, lakini kwetu pengo ni lilelile.

Na usidhani Australia ni mbali hivyo. Mwaka 1944 askari mmoja aliokota sarafu kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi ile, katika ardhi ya Wayolngu. Tano kati yake zilikuwa za shaba, zilizopigwa Kilwa, hapahapa kwetu! Zilifikaje, wataalamu hawajaacha kubishana. Kilwa Kisiwani nayo ni Urithi wa Dunia, na michoro ya Kondoa pia, tangu 2006. Kule Kondoa bado kuna wanaokwenda kwenye mawe yale kwa matambiko. Hao nao ni wenye nyumba, waulizwe kabla ya mtalii.

Kwa hiyo wewe mtoto wa mjini mwenye simu nzuri, siku ukienda kijijini usianze kwa kubonyeza. Keti kwanza. Muulize mzee: nirekodi au nisirekodi? Nani asikilize, nani asisikilize? Nakala ibaki kwa nani? Akikuambia wimbo huu hautoki nje ya uwanja huu, zima simu, sikiliza kwa masikio. Hiyo nayo ni hifadhi.

Haya, tukijaaliwa tuonane wiki ijayo.