Kazi ipi itangulie, na watu wangapi wanatosha?



Kila juma sisi makapita tunabandika kartasi ya kazi mlangoni, na kila juma tunasikia: «Juu ya nini mimi tena?» Mara hii hatutajibu neno lile. Tunapenda kueleza jambo ambalo wenzetu wa kalasi za biashara watalikuta kazini, na ambalo baba mwenye atelie ndogo anapigana nalo kila siku bila kujua kama lina hesabu yake.

Tuchukue atelie ya seremala, watu wawili. Wa kwanza anakata mbao na kupiga randa. Wa pili anaunganisha na kupaka vernisi. Kila kazi inapita kwa wa kwanza mbele ya kufika kwa wa pili. Tuseme kazi tano zimeingia, na zimefuatana hivi: milango ya mti mgumu (saa 5 kwa wa kwanza, saa 2 kwa wa pili), ngazi (2 na 1), kabati (4 na 5), madeski ya shule (3 na 6), na meza ya zamani ya kutengeneza upya (1 na 4).

Wengi watasema: aliyetangulia kuleta, atangulie kupata. Haya, tuhesabu. Wa kwanza anaanza milango, na wa pili anakaa saa 5 mikono mitupu. Kisha anaunganisha milango saa 2 na ngazi saa 1, halafu anangoja tena saa 3, juu kabati haijakatwa. Kazi zote zinaisha saa ya 26. Siku ya kazi ikiwa saa 8, tumeingia siku ya nne. Mtu amelipwa saa 8 za kukaa tu, naye si mvivu! Mara mingi patroni anamgombeza yeye, kumbe ubaya uko ndani ya mpango.

Mwaka 1954 Mwamerika Selmer Johnson alitoa kanuni ambayo hata mtoto wa primeri anaweza kuifuata. Andika saa kwa safu mbili, safu ya wa kwanza na safu ya wa pili. Tafuta namba iliyo ndogo kupita zote. Ikiwa iko katika safu ya wa kwanza, kazi ile iwekwe mbele kabisa. Ikiwa iko katika safu ya wa pili, iwekwe mwisho kabisa. Futa kazi ile, rudia na zilizobaki.

Kwetu hapa namba ndogo ni 1, na iko mara mbili: meza inakwenda mbele, ngazi inakwenda mwisho. Inafuata 2 ya milango katika safu ya pili. Basi milango inakaa mbele kidogo ya ngazi. Kisha 3 ya madeski, kisha kabati. Mpango ni huu: meza, madeski, kabati, milango, ngazi. Hesabuni wenyewe kwa kartasi. Wa pili anangoja saa 1 tu asubuhi ya kwanza, kisha hapumziki tena, na yote inaisha saa ya 19, siku ya tatu. Watu ni walewale, misumeno ni ileile, hakuna aliyekimbizwa. Na haiwezekani kupunguza zaidi, maana wa pili ana saa 18 za kazi, na hawezi kuanza mpaka saa 1 angalau ipite.

Sababu yake si uchawi. Kazi fupi ya kukata ikitangulia, wa pili anapata chakula cha mikono mapema. Na kazi fupi ya kuunganisha ikiwa mwisho, wa kwanza akimaliza hakubaki mingi nyuma yake.

Lakini tusidanganyane. Kanuni hii ni ya vituo viwili. Vikiwa vitatu, mara mingi haitoshi, na kujaribu mipango yote ni taabu: kazi 5 zina mipango 120, kazi 10 zina 3 628 800! Hapo viwanda vikubwa vinatumia ordinatere. Tena kama madeski yameahidiwa kwa siku fulani, ahadi inapita kanuni.

Kwa mashini moja mambo ni mengine. Kwenye mashini ya kusaga, mama mmoja ana mfuko wa dakika 60, wa pili beseni la dakika 10, wa tatu dakika 5. Mfuko ukitangulia, wanatoka kwa dakika 60, 70 na 75. Jumla ya kungoja ni 205. Ukigeuza, wanatoka kwa 5, 15 na 75, jumla 95. W. E. Smith alihakikisha mwaka 1956 kama kutanguliza fupi ndiyo inapunguza jumla ile. Sisi tunaona shida moja: mabeseni yakizidi kuja, ule mama wa mfuko atalala pale. Hesabu ya jumla haimwoni. Afazali kumwekea mpaka: beseni tatu zipite, kisha yeye.

Tumalize na watu. Ofisi inataka zamu mmoja mlangoni usiku na mchana, juma zima. Wakubwa wengi wanagawa siku kwa tatu, wanaandika watu watatu, wanafunga buku. Lakini juma lina saa 168. Kwa watatu, kila mtu anafanya saa 56, na sheria ya kazi ya inchi yetu ya mwaka 2002 inaweka mpaka wa 45. Saa 11 za kila mmoja zinatoka kwa usingizi wake na kwa watoto wake. Mmoja akishikwa na malaria, wawili wanabaki na saa 84 kila mmoja, na hapo ndipo watu wanashangaa: «Ule zamu alilala!»

168 kwa 45 ni 3 na zaidi, ndiyo kusema wanne. Kila mmoja anafanya 42. Akigonjwa mmoja, watatu wanabeba 56 kwa juma lile, kisha wanarudishiwa pumziko lao, na jina la atakayemwingilia linaandikwa kwa kartasi tangu mbele, si usiku wa manane mlangoni pake.